Alichoandika Askofu kwenye Majivu



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinifuata sakristia nilipokuwa navua mavazi. Alikuwa na swali ambalo, kwa maelezo yake, limemsumbua tangu Komunyo ya Kwanza. "Baba Paroko," aliniambia, "zile herufi IHS kwenye hostia zina maana gani? Na ile P yenye X kwenye kasula yako? Mwenzangu anasema ni Kiingereza." Nilicheka, naye akacheka, ingawa nadhani alicheka kwa heshima tu. Nikamwambia kwamba si Kiingereza, ni Kigiriki. Tena ile H si H, na ile P si P. Akanitazama kama mtu anayetaniwa. Misa ya tatu ilikuwa imekaribia, kwa hiyo nikamwahidi kwamba nitamjibu hapa.

Naitimiza ahadi hiyo leo. Lakini siwezi kuandika juu ya herufi za Kigiriki bila kumtaja mzee mmoja, katekista wa kigango cha nyumbani kwetu, ambaye sasa ni marehemu. Nilimkosea kwa ajili ya herufi hizo hizo, na jambo hilo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Jibu fupi kwanza. IHS ni herufi tatu za kwanza za jina la Yesu kwa Kigiriki: iota, eta, sigma. Wanakili wa kale walizoea kuyafupisha majina matakatifu na kuyawekea mstari juu, na kifupi hicho kikahamia nchi za Magharibi. Mtakatifu Bernardino wa Siena, aliyefariki mwaka 1444, alikieneza sana katika mahubiri yake, na baadaye Wayesuiti wakakifanya alama ya shirika lao. Nacho kile kinachofanana na P yenye X ni khi na ro, herufi mbili za kwanza za jina Kristo. Wale mlioambiwa kwamba IHS ni kifupi cha maneno matatu ya Kilatini msione haya. Maelezo hayo nayo ni ya zamani, ila yalikuja baada ya herufi zenyewe.

Jibu refu linaanzia seminarini.

Nilianza kujifunza Kigiriki mwaka 2004, nikiwa mwaka wa kwanza wa Teolojia. Siku ya kwanza mwalimu wetu wa Maandiko Matakatifu, padre mmisionari mwenye umri mkubwa, aliandika ubaoni herufi 24, akageuka, akasema, "Kesho mtaniandikia zote kwa kichwa," kisha akatoka. Tulibaki tukiutazama ubao. Karibu nusu ya herufi zile tulidhani tunazifahamu, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. A ni a, M ni m, T ni t. Hapo hakuna shida. Lakini P ni r. H ni irabu. X ni kh, ile ya koo ambayo watu wa pwani huitamka katika "sabalkheri". Herufi ndogo ya n imechorwa kama v yetu, na mwenzangu mmoja alilisoma neno nomos, yaani sheria, kuwa "vomos" kwa wiki nzima bila mtu kumsahihisha, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunakosea vilevile. Jioni tulizunguka uwanja wa mpira tukiimba kama watoto wa chekechea: alfa, beta, gama, delta, epsiloni, zeta, eta, theta, iota, kapa, lambda, mu, nu, ksi, omikroni, pi, ro, sigma, tau, upsiloni, fi, khi, psi, omega.

Baada ya miezi michache niliweza kuisoma aya ya Injili polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Hapo kiburi kikaingia. Mtu anayejua kingi huwa na subira. Mimi nilijua kidogo, na hicho kidogo nilitaka kila mtu akione.

Likizo ile nilikwenda nyumbani. Katekista wetu tulimwita Mwalimu, kama ilivyo desturi. Ndiye aliyenifundisha katekisimu, na ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili katika majuma yote ambayo padre hakuweza kutufikia. Alikuwa amekulia misioni, akatumikia Misa ya Kilatini tangu utoto, na katika sikukuu kubwa bado aliianzisha Kirie ya zamani kwa sauti yake nyembamba isiyotetemeka. Dominika hiyo aliiimba. Baada ya ibada nikamfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Frateri. Karibu kiti."

Nikamwambia, kwa adabu ya maneno isiyokuwa ya moyo, kwamba "Kirie eleison" tunaitamka vibaya. Neno la pili, nilisema, linaandikwa kwa eta, nayo eta ni e ndefu. Kwa hiyo ilipasa kuwa "eleeson". Niliokota kijiti nikaliandika neno lile ardhini, mbele ya miguu yake. Aliinama akalitazama kwa muda.

"Mapadre waliotufundisha walisema eleison," alijibu, "nao walisikia kwa waliowatangulia." Halafu uso wake ukachangamka. "Lakini kama unazijua herufi hizi, Frateri, nisaidie jambo moja. Nimelibeba tangu nikiwa mtoto."

Akanisimulia. Katika miaka ya 1950, kabla ya Uhuru, Askofu alikuja kulitabaruku kanisa jipya la misioni. Watu wote walibaki nje. Yeye alikuwa miongoni mwa watumishi wa altare, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kubeba ndoo ya majivu. Majivu yalimwagwa sakafuni kwa mistari miwili mipana iliyokatana, toka pembe hadi pembe ya kanisa. Kisha Askofu, akiwa na kofia yake na fimbo yake ya kichungaji, akaanzia pembe iliyo karibu na mlango, akaandika kwenye majivu kwa ncha ya fimbo. Mtoto yule aliona alama nne tu kabla ya kuamriwa arudishe ndoo: A, kisha B, kisha alama kama nguzo yenye boriti moja, kisha pembetatu kama paa la nyumba. "Nilidhani Askofu amekosea C," alisema Mwalimu. "Niliona haya kwa niaba yake. Lakini baadaye nikafikiri, Askofu hawezi kukosea C. Lazima aliandika neno. Aliandika nini?"

Ninyi mliosoma orodha niliyoiandika hapo juu pengine mmeshajua. Mimi niliyekuwa nimeiimba miezi mingi uwanjani sikujua. Nilikuwa nimehudhuria ibada ya kutabaruku kanisa pamoja na waseminari wenzangu, niliijua ibada ile, na haikuwa na majivu. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Askofu haandiki sakafuni. Labda alikuwa anachora misalaba. Ulikuwa mtoto."

Alinitazama. "Sawa, Frateri," akasema, akaagiza niletewe uji.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, katika juma la kuombea umoja wa Wakristo, seminari ilimpokea padre wa Kiorthodoksi aliyekuwa amesoma Ugiriki. Aliombwa asome mwanzo wa Injili ya Yohane kwa lugha yake ya asili. Nilifungua kitabu changu nimfuate, na baada ya maneno matatu nikapotea kabisa. Nilidhani amefungua ukurasa mwingine. Neno nililolijua kama "arkhee", yaani mwanzo, yeye alilitamka "arhi". Beta yake ilikuwa v. Delta yake ilikuwa dh ya dhahabu, na gama yake gh ya ghali. Na kila nilipotazamia kuisikia e ndefu ya eta, nilisikia i.

Nilimwendea mwalimu wetu nikiwa na hasira kidogo, kana kwamba nimeuziwa bidhaa bandia. Alicheka. Akanieleza kwamba matamshi yetu yana mwenyewe: Erasmus wa Rotterdam, padre na mwanazuoni, yule aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel mwaka 1516. Mwaka 1528 alitoa kitabu juu ya matamshi sahihi ya Kilatini na Kigiriki, nacho kimeandikwa kama mazungumzo ya simba na dubu. Hoja yake haikuwa ngumu. Wagiriki wa wakati wake walitamka "i" kwa alama nyingi mno: eta, iota, upsiloni, na hata pale epsiloni au omikroni inapofuatwa na iota. Kwa nini wazee wa kale wajisumbue kubuni alama zote hizo kwa sauti moja? Bila shaka hapo zamani kila moja ilikuwa na sauti yake.

Wenye hoja hiyo wana hata shahidi asiyeweza kuhongwa, naye ni kondoo. Kratino, mshairi wa Athene wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliuandika mlio wa kondoo katika mchezo wake mmoja wa kuchekesha, akautumia beta na eta. Mgiriki wa leo akiusoma mlio huo kwa matamshi yake atasema "vi, vi". Ninyi mnaofuga mnajua kwamba kondoo wa namna hiyo hajazaliwa. Kondoo hulia "bee", na yaelekea wa Athene walilia hivyo hivyo.

Mambo haya yaliwagombanisha watu wazima. Mwaka 1542 Askofu Stephen Gardiner, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyapiga marufuku matamshi mapya na kuwawekea adhabu watakaoyatumia. Leo vyuo vingi vya Ulaya na seminari zetu hufundisha kwa namna ya Erasmus, na Wagiriki wenyewe huendelea na yao, wakitusikiliza sisi kwa upole kama tunavyomsikiliza mgeni anayesema "mimi nataka kwenda sokoni" kwa sauti ya redio.

Nani mwenye haki? Kwa Athene ya Kratino, Erasmus yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini lugha haikusimama pale. Katika karne za kwanza za Ukristo eta ilikuwa inasogea kuelekea i, na tunajua hivyo kwa sababu watu wasio na elimu kubwa waliandika kama walivyosikia. Barua zao za mafunjo zimechimbuliwa kwa wingi katika mchanga wa Misri: huyu ameweka iota palipotakiwa eta, yule ameweka eta palipotakiwa iota. Makosa ya tahajia ambayo mwalimu wa shule angeyapigia mstari mwekundu ndiyo yanayotuambia leo jinsi baba na mama wa wakati ule walivyosema.

Sasa ingieni nami katika Misa. "Kirie eleison" haikufika Roma kwa njia ya kamusi. Ilifika kwa midomo ya watu waliokuwa wakiiimba, wakati ambapo eta imekwisha kuwa i, na Roma ikaipokea kama ilivyoisikia. Ndiyo maana tunaimba "eleison". Jina la Yesu lilipita njia nyingine. Kilatini kililipokea likiwa na e, nasi tumelirithi hivyo. Kwa hiyo katika Misa moja herufi ile ile tunaitamka i tunapoomba huruma, na e tunapomtaja Mkombozi. Tena ipo mara ya tatu. Wafoinike, waliokuwa na herufi hii kabla ya Wagiriki, waliitamka kama h nzito ya koo. Wagiriki wa Ionia hawakuwa na h katika usemi wao, wakaigeuza irabu. Wagiriki wa Italia waliibakiza kuwa h, na kutoka kwao, kwa mikono ya Waetruski, ikawafikia Warumi. Hiyo ndiyo H tunayoiandika katika "Hosana".

Mwalimu wangu wa kigango hakujua Kigiriki. Lakini alikuwa amekipokea kinywani mwake kipande cha usemi wa Wakristo wa kale, akakitunza kizima. Mimi nilimwendea na kijiti.

(Niongeze jambo moja kwa watakaotaka kujifunza. Matamshi ya Kigiriki cha leo ni mepesi kwetu kuliko kwa Waingereza. Kina irabu tano, zile zile zetu za a, e, i, o, u. Na th, dh, gh na kh zote tunazo tayari. Anayesema thamani, dhahabu, ghali na sabalkheri bila kujikwaa ameshavuka sehemu ngumu.)

Nimewataja Wafoinike bila kuwaeleza, nanyi mnawafahamu zaidi ya mnavyodhani. Ni watu wa Tiro na Sidoni, miji ambayo Bwana wetu aliitembelea mipaka yake. Yule mama aliyemsihi Yesu kwa ajili ya binti yake, na ambaye Marko anamwita Msirofoinike, alikuwa wa nchi hiyo. Wagiriki hawakulificha deni lao: Herodoto, mwanahistoria wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba herufi zililetwa na Wafoinike na kwamba Wagiriki waliziita kwa jina lao. Wataalamu huweka upokezi huo kama karne ya 8 kabla ya Kristo au mapema kidogo. Basi habari ya mama yule iliandikwa na Marko kwa herufi ambazo mababu wa mama huyo ndio waliowapa Wagiriki. Sijui kama Marko alilifikiria. Mimi kila nikiisoma Injili hiyo hulifikiria.

Majina ya herufi yanathibitisha asili yake. Kwa Mgiriki "alfa" na "beta" hayana maana yoyote. Kwa Mfoinike, na kwa Mwebrania jirani yake, alef ni ng'ombe. Igeuzeni A kichwa chini mtaona pembe mbili na uso. Beth ni nyumba, na hiyo ndiyo iliyomo katika Bethlehemu, Bethania na Betheli. Hata ubeti wa shairi letu ni neno hilo hilo, lililopitia Kiarabu. Kaf, iliyozaa kapa, ni kiganja, nayo ni ndugu wa neno letu kofi: mnapopiga makofi baada ya matangazo mnapiga kapa. Resh, iliyozaa ro, ni kichwa. Waarabu husema ra's, nasi tunasema rasi kwa nchi iliyochomoza baharini kama kichwa. Ile P ya kasula yangu, kijana wangu, ni kichwa juu ya shingo.

Parokia yetu imepakana na madrasa. Kila alasiri nikiwa ofisini nawasikia watoto wakisoma kwa pamoja, alifu, bee, tee. Ni herufi za ukoo mmoja na zile nilizoziimba uwanjani. Siku moja nilikuwa nazungumza na mzee mmoja Mwislamu, jirani mwema wa parokia, tukafika kwenye abjadi, yaani ule mpangilio wa kale ambamo kila herufi ni tarakimu. Akanihesabia: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, akaruka mpaka ye 10, kafu 20, lamu 30, mimu 40. Nami nikamhesabia za Kigiriki: alfa 1, beta 2, gama 3, delta 4, iota 10, kapa 20, lambda 30, mu 40. Tulitazamana, kisha akaagiza kahawa. (Wanaoniuliza kila mara kuhusu 666 na waanzie hapo. Kila jina lilikuwa na jumla yake. Jumla ya jina la Yesu kwa Kigiriki ni 888. Mengine siku nyingine.)

Kitu kimoja Wagiriki walikiongeza wenyewe, nacho ni kikubwa. Wafoinike walikuwa na herufi 22, zote konsonanti. Lugha yao iliweza kuvumilia hilo. Lugha kama yetu haiwezi. Andikeni KT bila irabu, kisha mniambie nimeandika nini: kata, kete, kiti, koti, kuta, keti, kito au kuti? Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliijua taabu hiyo, maana alama tatu za irabu zilibidi zibebe irabu tano, na msomaji akaachiwa kazi ya kutambua i na e, u na o. Wagiriki walichukua herufi za sauti ambazo hawakuzihitaji wakazifanya irabu. Ng'ombe akawa a. Ayin, yaani jicho, iliyokuwa sauti ya koo kama ile 'aini ya Kiarabu, ikawa o, na bado ina umbo la jicho. Baadaye Waionia wakaongeza o ya pili mwishoni kabisa mwa safu, wakaipa sauti ndefu. Ndiyo omega, "o kubwa", ninayoichora chini ya msalaba kwenye mshumaa wa Pasaka kila mwaka, alfa ikiwa juu.

Mwanzoni waliandika toka kulia kwenda kushoto kama Wafoinike, au walikwenda na kurudi: mstari mmoja huku, unaofuata kule. Namna hiyo waliiita kwa neno lenye maana ya "ng'ombe anavyogeuka akilima". Nyumbani kwetu tunalima kwa plau la ng'ombe, na nilipolisoma neno hilo sikuhitaji maelezo.

Sasa nirudi kwa Mwalimu. Mwaka 2009 nilikuwa paroko msaidizi, nikapewa kazi ya kusafisha kabati la vitabu vya zamani katika nyumba ya mapadre. Mchwa walikuwa wamekula vingi. Kimoja kilichosalia kilikuwa Pontifikale ya Kilatini, kitabu cha ibada za askofu kilichotumika kabla ya ibada mpya ya kutabaruku kanisa kutolewa mwaka 1977. Nilikifungua nikiwa nimesimama, kwa udadisi tu. Hapo, katika maandishi mekundu ya maelekezo, nikakuta majivu. Yatandazwe sakafuni kwa umbo la msalaba, toka pembe hadi pembe. Askofu aanzie pembe ya kushoto ya mlango, aandike kwa ncha ya fimbo yake alfabeti ya Kigiriki. Kisha aende pembe ya kulia, aandike alfabeti ya Kilatini. Na chini yake herufi zenyewe zimechapwa, zote 24: A, B, kisha Γ, nguzo yenye boriti moja, kisha Δ, paa la nyumba.

Nilikaa sakafuni pale pale kwenye vumbi la mchwa.

Ilinichukua miezi minne kupata ruhusa na nauli. Mwalimu alikuwa ameshaacha kazi. Ugonjwa ulikuwa umeyafifisha macho yake, akatambua watu kwa sauti. Aliposikia yangu alitaka kusimama, nikamzuia.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi, Padre?"

"Kwa majivu."

Alinyamaza. Nilidhani amesahau, nikaanza kumkumbusha, akainua mkono kunikatiza. "Aliandika nini?"

Nikamwambia kwamba hakuandika neno lolote. Aliandika herufi tu, toka ya kwanza hadi ya mwisho: za Kigiriki upande ule alioushuhudia, za Kilatini upande wa pili. Niliogopa nilipokuwa nikisema. Mtu amengoja zaidi ya miaka 50, halafu unamletea alfabeti. Lakini alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mjukuu wake akaja mbio na maji.

"Kwa hiyo ile C hakuikosea!"

"Hakuikosea, Mwalimu. Ile ni gama."

Nikamweleza yale niliyoyasoma: kwamba desturi hiyo ni ya karne nyingi, kwamba wapo wanaoifananisha na wapimaji wa Kirumi waliochora mistari ardhini kabla ya kujenga, na kwamba waandishi wa Enzi za Kati waliona humo mataifa mawili yakikutana katika msalaba, na pia mafundisho ya mwanzo wanayopewa wachanga katika imani. Nilimkumbusha pia kwamba hata anwani ya msalaba, kama Yohane anavyoshuhudia, ilikuwa kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, na kwamba maandishi hayo matatu ni ya mama mmoja. Alisikiliza yote kwa utulivu, lakini niliona kwamba yeye alikuwa ameshapata jibu lake.

"Mimi nimefundisha ngumbaro," alisema. "Siku ya kwanza huwaandikii watu habari. Unawaandikia herufi. Sisi tulikuwa wapya, na kanisa lilikuwa jipya." Kisha akasema, "Nifundishe."

Mjukuu alileta majivu ya jikoni kwenye sinia. Nikayatandaza, nikakishika kidole chake cha shahada nikakiongoza. Nilimwambia maana ya kila herufi kadiri nilivyoijua: ng'ombe, nyumba, mlango. Alizikariri kwa midomo kama alivyotukaririsha sisi katekisimu. Tulipofika ya saba, kidole chake kilipita juu ya nguzo mbili na boriti ya katikati, kikasimama.

"Hii ni H."

"Hapana, Mwalimu. Sisi tuliambiwa ni eta. Wagiriki wa leo huiita ita. Ndiyo iliyo katika eleison."

"Ile uliyonisahihisha?"

"Ndiyo ile."

"Basi mimi nitaiita ita."

Jua lilizama tukiwa kwenye lambda. Akayasawazisha majivu kwa kiganja chake, akaupapasa mkono wangu hadi akaupata. "Haya, Padre," akasema, "tuanze tena kwa yule ng'ombe."